Salamu Isiyo na Ila

Ipo diwani moja ambayo wahakiki wetu hawajaigusa, nayo imekwenda mbali kuliko diwani nyengine yoyote iliyopata kutungwa na binadamu. Haikuchapwa katika karatasi wala haiuzwi dukani. Imechorwa katika sahani mbili za santuri zilizo sawasawa, za shaba iliyopakwa dhahabu, upana wa kila moja sentimita 30, na kila sahani imefungwa ubavuni mwa chombo cha anga kiitwacho Voyager. Voyager 2 kiliondoka Cape Canaveral, Marekani, tarehe 20 Agosti 1977, na Voyager 1 kikafuata tarehe 5 Septemba. Vilitumwa kuchunguza Mshtarii, Zohali na sayari za mbali zaidi, kisha viendelee na safari isiyo na marejeo. Cha kwanza kilivuka mpaka wa upepo wa jua letu mwezi Agosti 2012, cha pili mwezi Novemba 2018. Kufikia mwaka 2025 Voyager 1 kilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, na neno linalotumwa kwa redio, ijapokuwa hukimbia kwa mwendo wa nuru, huchukua zaidi ya saa 22 kukifikia.

Ndani ya sahani hizo mna salamu za lugha 55, picha 115, sauti za mvua, ndege na mashine, na muziki wa kiasi cha dakika 90. Waliokusanya ni kamati ndogo iliyoongozwa na Carl Sagan, mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiwemo Frank Drake, Ann Druyan, Timothy Ferris, Jon Lomberg na Linda Salzman Sagan. Msomaji waliyemkusudia ni kiumbe mwenye akili, mkaazi wa dunia nyengine, ambaye hapana ajuaye kama yupo.

Mimi si mwanafalaki. Sikusoma chuo chochote. Nilijifundisha kutunga kwa kuwasikiliza wakubwa zangu, na kufasiri nikajifundisha kwa kamusi iliyokatika jalada. Lakini diwani ni diwani, na iliyoandikwa kwa niaba ya watu wote inastahiki kuhakikiwa na yeyote miongoni mwao. Wataalamu hujadili kama msomaji huyo yupo. Makala haya yanauliza swali la jirani yake: ikiwa yupo, na ana akili kama tunavyomdhania, je, tumemwamkia inavyopasa?

Jambo la kwanza atakalouliza mpenzi wa jarida hili ni kama Kiswahili kimo. Hakimo. Kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara mna Kiganda, Kinyanja, Kisotho, Kiila cha Zambia, na salamu moja iliyoandikwa kuwa ya Kinguni. Na tukitazama upande wa bahari, Kiarabu kimo, Kiajemi kimo, Kigujarati kimo, Kihindi kimo, Kireno kimo. Wageni wote waliotia nanga katika bandari zetu, wakatuachia maneno yao, wamo, aliyewapokea hayumo. Kisumeri, Kiakadi na Kihiti, lugha zilizokufa zamani za kale, nazo zimo. Hata ujirani wetu umo. Kuna picha ya Jane Goodall pamoja na sokwe, naye ndiye aliyeanza kazi yake Gombe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1960. Kuna wimbo wa kuwafunda wasichana wa Kimbuti, uliorekodiwa na Colin Turnbull katika Kongo, upande wa msitu wa Ituri ambako Kiswahili husemwa sokoni na njiani. Kila kitu kinachotuzunguka kimo, ila ulimi wetu.

Nilipolijua hilo mara ya kwanza niliudhika. Siku hizi siudhiki tena. Mwezi Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na heshima hiyo ya hapa chini inatosha. Tena mgeni asiyejua Kisumeri hatakijua Kiswahili pia. Kwake yeye salamu zote 55 ni milio ya koo. Ninachokisikitikia ni kwamba kwa kukosekana Kiswahili imekosekana adabu moja ya kuamkiana ambayo, nadhani, ingeinyoosha diwani nzima.

Adabu hiyo kila mtu wa mwambao anaijua. Mtu akipiga hodi, hasemi alilolijia hapo mlangoni. Ataitikiwa karibu, ataulizwa hali, na atajibu kwamba ni njema. Ataulizwa habari za watoto, atajibu njema. Habari za kazi, njema. Hata aliyetoka kuzika atajibu njema, maana jibu hilo halitoi taarifa. Linafungua mlango tu. Kisha atakaa kitako, atanyamaza kidogo, na ndipo atakaposema: “Ila...” Hapo ndipo mwenyeji husogea karibu. Njema kumi zilizotangulia zilikuwa ni ukumbi wa kuipitia ila hiyo moja. Asiyejua Kiswahili vyema huondoka baada ya njema, akadhani ameshaijua hali ya nyumba.

Lugha yetu imeliona jambo hili kwa undani kuliko sisi wenyewe. Neno “ila” la kutenga na neno “ila” lenye maana ya dosari ni maneno mawili mbali mbali katika Kiarabu, lakini katika vinywa vyetu yamekutana yakawa mlio mmoja. “Walakini” nalo ni neno la kuunganisha sentensi, na papo hapo twasema kitu kina walakini tukimaanisha kina kasoro. Mswahili akitaja ila, basi ameshaanza kuieleza ila. Salamu isiyo na ila ni nzuri kusikika, lakini bado haijamfikia mtu.

Nitaeleza kwa nini jambo hili linanigusa. Kazi yangu ya kwanza ya fasihi, nikiwa mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, ilikuwa kuwasomea watu barua. Mtaani kwetu wengi walikuwa na jamaa zao Maskati, Dubai na kwengineko, na wakubwa kadhaa hawakujua herufi za Kirumi. Bibi mmoja jirani, niliyemwita bibi kama walivyomwita watoto wote wa mtaa, alikuwa na mwanawe wa pekee ughaibuni. Barua zake zilikuja kila baada ya miezi mitatu minne, nami nilizisoma kwa sauti, bibi amekaa juu ya mkeka, mikono mapajani. Zote zilianza namna moja: ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Zikaendelea kuuliza hali ya fulani na fulani, zikafunga kwa salamu. Hapakuwa na ila hata moja. Bibi alikuwa akiniambia, “Soma tena pale chini, mwanangu, tazama hukuruka kitu.” Nilisoma tena. Sikuwa nimeruka kitu.

Siku moja ilikuja barua yenye mwandiko mwengine. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyeiandika. Nilijua kwa mistari miwili ya mwanzo kwamba mwana wa bibi alikuwa mgonjwa kwa miaka miwili, na kwamba hayupo tena. Nilikuwa mtoto; nilisimama na karatasi mkononi nikishindwa kuitoa sauti. Bibi alinitazama usoni akaisoma barua yote humo. Baadaye, kila mara, alikuwa akisema neno moja tu: kwamba mwanawe hakumdanganya, alimsitiri, lakini lau angejua, angalimwombea dua kwa jina la maradhi yenyewe. Tangu siku hiyo kila ninapofasiri huitafuta ila ya maandishi, na nisipoiona hupata wasiwasi kwamba nimeruka kitu.

Wasiwasi huo ndio ulionijia nilipozifasiri kwa Kiswahili salamu 55 za sahani ile, kutokana na tafsiri zake za Kiingereza, ili tuzisome barazani na wenzangu. Nitoe kwanza haki yake. Kamati ilifanya jambo la busara kwa kutowapa wasemaji matini moja ya kufasiri. Kila mmoja aliachwa aseme alilolitaka, mradi liwe fupi. Ndiyo maana zimebaki na ladha ya vinywa vilivyozitoa. Msemaji wa Kiswidi anajitambulisha kuwa mtayarishaji wa programu za kompyuta katika mji mdogo wa chuo, Ithaca. Anayesema kwa niaba ya watoto wa dunia, kwa Kiingereza, ni mtoto kweli, mwana wa Sagan, mwenye umri wa miaka sita wakati huo. Iliyowachekesha na kuwafurahisha watu wa barazani kuliko zote ni ya Kiamoy, lahaja ya mwambao wa Uchina wa kusini: inawauliza marafiki wa angani kama wameshakula, na kuwakaribisha waje kututembelea wakipata wasaa. Mzee mmoja alisema huyo bila shaka ni mtu wa pwani.

Lakini tulipozimaliza zote, barazani palikuwa kimya, na si kimya cha kuridhika. Salamu 55, na zote njema tupu. Hebu tuziweke mbele ya mwaka wake.

Salamu ya Kinguni inawatakia wakubwa wa huko juu umri mrefu. Voyager 1 kiliondoka tarehe 5 Septemba 1977. Siku saba baadaye, tarehe 12 Septemba, Steve Biko, aliyelelewa katika lugha mojawapo ya hizo za Kinguni, alifariki mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini akiwa na umri wa miaka 30. Salamu ya Kiganda inawaombea watu wote wa ulimwengu amani ya Mungu siku zote. Mwezi Februari wa mwaka huo huo, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Na lau Kiswahili kingekuwemo, kingesema nini cha kweli? Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Watu wa lugha moja, wenye makaburi ya babu zao pande zote mbili, hawakuweza kuvuka kwenda kuzikana. Hiyo ndiyo ila yetu. Siwalaumu wasemaji wa Kiganda na Kinguni. Dua zao zilikuwa za kweli, na huenda kila mmoja alikuwa na ila yake moyoni. Ninailaumu diwani iliyowapa nafasi ya mlangoni tu, isiwape ya kukaa kitako.

Sauti inayozitangulia salamu hizo ni ya Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, akizungumza juu ya amani na urafiki kwa niaba ya watu wa dunia. Mwaka 1986, alipokuwa akigombea urais wa Austria, ilifichuka kwamba alikuwa ameficha sehemu ya utumishi wake katika jeshi la Ujerumani kule Balkani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hapana aliyekusudia iwe hivyo. Lakini diwani inayositiri ilitanguliza mbele mtu aliyejisitiri, na dhahabu haifutiki.

Picha nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Kamati iliamua kwamba zisiwemo picha za vita, maradhi, uhalifu wala ufukara. Kuna mama anayenyonyesha, kuna watoto na tufe la ramani, kuna watu wanaokula na kunywa, kuna mzee wa Kituruki mwenye ndevu. Hakuna mazishi. Mgeni atakayezitazama zote ataona kwamba watu wa dunia hii huzaliwa, hula, hucheza na kuzeeka, asijue kinachofuatia.

Wapo watakaonijibu kwamba siri ya nyumba haitolewi kwa mpita njia. Wakusanyaji walihofia picha ya vita isije ikasomwa kuwa ni tishio. Na mwaka 2010 Stephen Hawking alionya kwamba kukutana na wageni wenye nguvu kutushinda kunaweza kuwa kama kufika kwa Columbus kulivyokuwa kwa wenyeji wa Amerika. Sisi wa mwambao hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Kilwa na Mombasa zilitekwa na kuporwa na Wareno mwaka 1505, miaka michache tu baada ya Vasco da Gama kupita akiomba maji na rubani. Hoja hii ni nzito kwa anayetuma mawimbi ya redio. Kwa sahani hii haina uzito, kwa sababu ya umbali. Itachukua kiasi cha miaka 40,000 kabla ya Voyager 1 kupita jirani na nyota nyengine, iitwayo Gliese 445, na huo “ujirani” ni masafa ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa nuru. Atakayeiokota sahani hatatukuta sebuleni. Kwake sisi ni watu wa kale. Na wa kale huficha nini? Kwa wa kale mtu hutafuta wosia.

Wengine watanijibu kwamba huzuni imo, lakini imepita mlango wa muziki. Jibu hili nalikubali, na ndilo linaloikomboa diwani. Blind Willie Johnson wa Texas anaguna bila ya maneno juu ya usiku na ardhi ya baridi. Beethoven yumo kwa kipande cha taratibu alichokitunga akiwa ameshakuwa kiziwi. Imo pia barua ya Rais Jimmy Carter, iliyowekwa kama picha, inayokiri kwamba tunajaribu kuupita salama wakati wetu ili tupate kuishi hadi wakati wenu. Hiyo ndiyo ila pekee iliyoandikwa kwa maneno katika sahani nzima, na ajabu ni kwamba imetoka kwa mwanasiasa. Washairi waliwekwa wapi? Mjumbe wa Ufaransa katika Umoja wa Mataifa alisoma shairi la Baudelaire, wa Uswidi akasoma la Harry Martinson, kisha sauti za wajumbe zikachanganywa na nyimbo za nyangumi. Sina ugomvi na nyangumi. Lakini mpenzi wa ushairi ataona kwamba muziki uliaminiwa kubeba majonzi, na maneno yakaambiwa yatabasamu.

Sasa nirudi kwenye lile swali la wataalamu, kwani halijitengi na hili. Mwaka 1960 Frank Drake, yule yule wa kamati, alielekeza darubini ya redio ya Green Bank, West Virginia, kwenye nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akasikiliza. Hakusikia kitu. Mwaka uliofuata aliandika mlingano wa kukadiria idadi ya jamii zinazoweza kusikika katika galaksi yetu: nyota ngapi huzaliwa kwa mwaka, ngapi zina sayari, sayari ngapi zinafaa kwa uhai, na kuendelea. Baadhi ya nafasi za mlingano huo zimeanza kujazwa. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya kwanza iliyoonekana kuizunguka nyota inayofanana na jua letu, na kufikia mwaka 2025 sayari za nje zilizothibitishwa zilikuwa zimepita 6,000. Nafasi ya mwisho ya mlingano ni tupu hadi leo. Nafasi hiyo huuliza: jamii inayoweza kutuma ishara hudumu muda gani kabla ya kunyamaza?

Nilipotaka kuufasiri mlingano huo nilikwama kwenye neno akili. Kwa hesabu ya Drake, jamii huhesabiwa tu ikiwa imeweza kutoa ishara ya kusikika kutoka mbali. Kwa kipimo hicho dunia hii haikuwa na kiumbe mwenye akili hadi karne ya 19 ilipokaribia kumalizika. Masogange wa chuo, watunzi wa tendi, manahodha waliovuka bahari kwa nyota, wote hawamo. Sikusudii kukilaumu kipimo. Darubini haiwezi kusikia tendi. Lakini Kiswahili hutenga akili na busara. Akili ndiyo iundayo redio. Ikiwa iliyoiunda itadumu miaka mia au laki, hilo huamuliwa na busara, na mwanzo wa busara ni kujua ila yako na kuweza kuitamka.

Aliyeijaza nafasi ile ya mwisho kwa Kiswahili alitangulia Drake kwa zaidi ya karne moja. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, akiuzungumzisha moyo wake mbele ya magofu ya Pate. Mji uliokuwa na taa, kauri na wenyeji waliojiona hawana mwisho, aliukuta umerithiwa na popo na bundi. Nimepata kufika Pate. Nilikuta tumbaku imepandwa baina ya kuta, na mtoto akanionyesha mihrabu kwa kidole kama anayeonyesha kisima. Nilifikiri: hii ndiyo nafasi tupu ya mlingano. Hapa palikuwa na jamii, ilitoa ishara, ikanyamaza. Na tunajua ilikuwepo kwa sababu mmoja wao alikuwa na ujasiri wa kuitaja ila. Inatia uchungu kwamba tafsiri ya utungo huo kwa Kiingereza, kazi ya James de Vere Allen, ilitolewa Nairobi mwaka 1977, mwaka ule ule wa sahani ya dhahabu. Viwili hivyo havikujuana.

Kama wapo au hawapo huko juu, mimi sijui, na nyota ni nyingi mno kwa mtu wa baraza kukata shauri. Ninalolijua ni hili: darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ilituma ujumbe wa redio tarehe 16 Novemba 1974 kuelekea kundi la nyota liitwalo M13, lililo umbali wa kiasi cha miaka 25,000 ya nuru. Tarehe 1 Desemba 2020 darubini hiyo iliporomoka, na ujumbe wake ungali njiani. Ndivyo ilivyo kwa maandishi yote. Mtumaji hutangulia kuondoka. Atakayepokea hatatuuliza tena, kwa hivyo ila isiyoandikwa leo haitaandikwa. Bibi wa mtaani kwetu alilijua hilo.

Wenzangu wa barazani walinitaka nitunge salamu ya Kiswahili iliyokosekana. Nilikataa, kisha nikaona si adabu kuihakiki karamu bila ya kuleta chakula. Nimetunga ubeti mmoja:

Hodi mlio angani, hodi, kwetu ndiyo mila,
Sisi wazima mwilini, twalima na tunakula,
Salama tu majumbani, njema zote, ila, ila,
Ila yataka kitako, ketini niwaambie.

Ubeti huu ni wa mlangoni tu. Beti zinazofuata, zenye ila yenyewe, haziwezi kutungwa na mtu mmoja, maana kila nyumba ina yake. Ninawaomba watunzi wa jarida hili, wa visiwani na wa bara, waupokee kwa kibwagizo hicho hicho na waseme. Mpaka ule umeshafunguliwa, barua hufika kwa dakika, na kuwepo kwa msikilizaji wa angani si sharti la kuanza. Wa kwanza kuzisikia tutakuwa ni sisi kwa sisi, na huenda wengi wetu bado tunaandikiana kwamba tu wazima wa afya.